Amepona, Mbona Anaitwa Tena Kliniki?

Najua wengi wenu mkilifungua jarida hili hukimbilia kwanza ukurasa wa mashairi na ule wa mafumbo, nami siwalaumu. Lakini nawaomba mnipe nafasi kidogo tu, maanake nina jambo ambalo limenishughulisha mwaka huu wote na ambalo sijalikuta katika kitabu chetu cha Biolojia. Jambo lenyewe ni hili: mtu akiugua saratani ya mdomo au ya koo, akatibiwa, akapona kabisa, bado yumo katika hatari ya kupata saratani nyingine. Si ile ya kwanza kurudi, la hasha. Ni nyingine mpya, yenye mizizi yake yenyewe.

Saratani za kichwa na shingo ni kama jina la ukoo. Ndani yake mna saratani ya ulimi, ya ufizi, ya kaakaa, ya koo, ya ndani ya pua, na ile ya sanduku la sauti ambalo wataalamu wa lugha hutaka tuliite zoloto. Saratani ya ubongo haimo, ingawa ubongo uko kichwani. (Hata mimi hilo lilinishangaza.) Nyingi za hizi huanzia kwenye utando laini unaofunika sehemu hizo kwa ndani, ule mwekundu unaouona ukipanua mdomo mbele ya kioo. Utando wa aina iyo hiyo hushuka hadi kwenye umio, yaani njia ya chakula. Njia ya hewa nayo huanzia papo hapo kooni, ikaelekea mapafuni. Tafadhali kumbukeni ramani hiyo, tutaihitaji.

Ninaye mjomba wangu, kaka yake mama, aliyeugua saratani ya ulimi. Alikatwa kipande cha ulimi, kisha akapigwa mionzi kwa wiki sita. Leo anazungumza vizuri tu, ila herufi "r" humpiga chenga, na ugali lazima aule na mchuzi mwingi kwa sababu mionzi ilimkausha mate. Alipomaliza matibabu alichinjiwa jogoo, majirani wakaja, watu wakaomba, wakaimba. Sasa kila tarehe ya kliniki inapokaribia huwa kuna vita vya maneno nyumbani.

"Nimepona ama sijapona?" humwuliza mama. "Kama nimepona, hii nauli ni ya nini?"

"Kaka, wewe nenda tu," mama humjibu.

"Niende kutafuta ugonjwa?"

Wakati wa likizo mimi ndiye hutumwa nimsindikize. Ukikaa kwenye benchi la kliniki kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba, utauliza maswali hata kama wewe ni bubu. Nilimwuliza muuguzi, nikamwuliza daktari, nikasoma kila nilichokipata. Nimekuja kuona kwamba swali la mjomba si la kijinga hata kidogo. Jibu lake ndilo makala haya.

Tuanze na shamba. Sisi wa Magharibi tunalijua gugu moja lenye maua mazuri ya rangi ya zambarau, ambalo huitwa kiduha kwa Kiswahili na wengi wetu huliita kayongo. Hunyonya mizizi ya mahindi hadi shamba zima likadumaa. Unaweza kuling'oa lote leo, shamba likawa safi kama uwanja wa gwaride, na bado msimu ujao likaota mahali pengine kabisa. Mbona? Kwa sababu mbegu zake ni ndogo kama vumbi nazo hulala udongoni miaka na miaka. Ulichong'oa ni mmea. Shamba lenyewe lilikwisha kuingiliwa.

Basi mwaka 1953 madaktari watatu wa Chicago huko Marekani, Danely Slaughter, Harry Southwick na Walter Smejkal, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 783 wa saratani ya mdomo. Hawakutosheka kuuangalia uvimbe peke yake. Waliichunguza kwa hadubini hata ile nyama ya pembeni, ambayo kwa macho ilionekana haina neno. Wakakuta kwamba seli za huko nazo zilikuwa zimeanza kupotoka. Tena wagonjwa 88 kati ya hao, yaani asilimia 11.2, walikuwa na saratani zaidi ya moja, kila moja ikijitegemea. Jina walilolipa jambo hilo limetokana na neno shamba, na hadi leo madaktari hulitumia. Miaka ya 1990 na baadaye, vipimo vya DNA viliwaunga mkono: panaweza kuwa na eneo pana la utando ambalo seli zake zina kasoro, na jicho la mtu lisione chochote.

Sasa tujiulize, ni nani aliyezipanda hizo mbegu? Kwa wagonjwa wengi ni sigara na pombe. Moshi ukivutwa haupiti mahali pamoja tu kama gari la moshi juu ya reli. Hutapakaa mdomoni, kooni, kwenye zoloto na mapafuni, na miaka ishirini ikipita hakuna pembe ambayo haikuguswa. Pombe nayo huosha mdomo, koo na umio, na mwilini hugeuzwa kuwa asetaldehaidi, kemikali inayoharibu DNA. Vikikutana viwili hivyo, madhara hayajumlishwi, huzidishwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, limeiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988. Tumbaku ya kutafuna imo kundini pia, na vilevile popoo ambayo hutafunwa pamoja na tambuu kule Pwani. Kwa hivyo mtu akidhani ameepuka kwa sababu "sivuti, mimi natafuna tu," huyo ameruka majivu akakanyaga moto.

Ndiyo maana daktari akikata uvimbe wa ulimi huwa ameng'oa mmea. Mionzi nayo huchoma kipande cha shamba. Sehemu iliyobaki ina historia ile ile.

Mfano mkubwa ninaoujua ni wa mtu ambaye jina lake hata walimu wetu wa saikolojia waliozoea chuo wanalijua: Sigmund Freud wa Vienna, Austria. Bwana huyu alikuwa akivuta biri kubwa kubwa, zipatazo ishirini kwa siku. Mwaka 1923 aligunduliwa kuwa na saratani mdomoni, upande wa juu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo daktari mpasuaji Hans Pichler alimkata sehemu ya taya la juu na kaakaa, akawa akivaa kifaa cha kuziba pengo ili aweze kula na kuzungumza. Kifaa hicho kilimtesa mno, nyumbani kwake wakakiita zimwi.

Kilichonivutia mimi si upasuaji huo bali yaliyofuata. Pichler hakumwambia mgonjwa wake kwaheri. Aliendelea kumwita na kumtazama mdomo mwaka baada ya mwaka, na kila alipoona baka jeupe linaloshukiwa, alilikata au kulichoma kabla halijageuka. Hesabu ya upasuaji wote, mkubwa na mdogo, ilizidi mara 30. Freud naye alikataa katakata kuacha biri. Mnamo 1936, miaka 13 baada ya ule upasuaji mkubwa, kipande kilichokatwa kikaonekana kina saratani tena. Alifariki London tarehe 23 Septemba 1939, akiwa na umri wa miaka 83, baada ya kuwakimbia Wanazi mwaka uliotangulia.

Tazameni hesabu hiyo. Mtu wa miaka 67 apata saratani mbaya ya mdomo, wakati ambapo hakukuwa na skani, na bado anaishi miaka 16 zaidi akiandika vitabu. Kwa maoni yangu, kilichompa miaka hiyo ni macho ya Pichler. Na kilichoipunguza ni biri. Wala sidhani mjomba akisoma hapa atanibishia, yeye sigara aliiacha siku ile ile aliyopewa majibu.

Lakini daktari hujuaje kwamba hii ni mpya na si ile ya zamani iliyosafiri? Mwaka 1932 Wamarekani wawili, Warren na Gates, waliweka masharti ambayo bado hufuatwa. Kila uvimbe uwe ni saratani kweli ukipimwa kwa hadubini. Uwe mbali na mwenzake. Tena ithibitike kwamba mmoja si mtoto wa mwingine, yaani haukutokana na seli zilizohama. Hili si jambo la mabishano ya wasomi tu. Saratani ya ulimi ikisambaa hadi mapafuni, matibabu huwa na sura moja. Mapafu yakiwa yameota saratani yao wenyewe, ndogo, bado changa, inaweza kukatwa mtu akapona mara ya pili. Mgonjwa anayeambiwa "imefika kwenye mapafu" akakata tamaa akarudi nyumbani, pengine hakuwa na sababu ya kukata tamaa.

Ikiwa saratani ya pili inaonekana pamoja na ya kwanza au kabla ya miezi sita kwisha, madaktari huziita pacha za wakati mmoja. Ndiyo sababu mgonjwa mpya huangaliwa koo lote na mara nyingi umio pia, hata kama uvimbe uko kwenye ncha ya ulimi. Ikija baada ya hapo, huhesabiwa kuwa ya baadaye. Hesabu inayotajwa sana vitabuni ni kwamba kati ya watu 100 waliotibiwa, hasa wale waliokuwa wakivuta na kunywa, 3 hadi 7 hupata saratani mpya kila mwaka. Huenda mtu akasema, "Saba kati ya mia, hiyo si kitu." Haya, ifanye hiyo kwa miaka kumi uone. Waliogunduliwa mapema mara ya kwanza ndio wanaostahili kusikiliza zaidi, kwa sababu hao ugonjwa wa kwanza haukuwaua, na wanaishi muda wa kutosha kwa wa pili kuja.

Huja wapi? Turudi kwenye ile ramani. Huja mdomoni na kooni kwenyewe, huja kwenye umio, huja mapafuni. Aliyeugua saratani ya ulimi kama mjomba huangaliwa sana mdomo na umio. Aliyeugua ya zoloto huhofiwa zaidi mapafu.

Mdomo na koo ndizo rahisi. Hakuna mtambo wa mamilioni. Daktari huwasha taa, huvaa glavu, huinua ulimi kwa kitambaa, huangalia chini yake na kandokando, kwa sababu huko ndiko wengi hupenda kuanzia. Hupapasa kwa kidole sakafu ya mdomo, maana kuna uvimbe usioonekana ila unaguswa. Kisha hupapasa shingo pande zote mbili akitafuta tezi zilizovimba. Mwisho huingiza puani mpira mwembamba wenye kamera na kuliangalia zoloto. Mjomba hulalamika kwamba unawasha pua mpaka machozi yatoke, lakini ni dakika chache tu. Kumbe ile safari ya matatu mbili na benchi la saa sita ni kwa ajili ya dakika hizo!

Ratiba yenyewe, kwa mujibu wa miongozo ya Marekani ambayo hufuatwa katika nchi nyingi, ni hivi: mwaka wa kwanza mgonjwa huonwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, mwaka wa pili kila miezi miwili hadi sita, kuanzia wa tatu hadi wa tano kila miezi minne hadi minane, na baada ya hapo mara moja kwa mwaka. Mara moja kwa mwaka hadi lini? Maisha yake yote. Hapo ndipo mjomba hushika kichwa. Miaka ya mwanzo ni mingi ya kuichunga ile saratani ya zamani isirudi, kwa kuwa mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu. Hiyo mpya haina haraka. Inaweza kumngoja mtu hadi mwaka wa nane, wakati faili yake hospitalini imekwisha kushika vumbi.

Umio ni shida nyingine. Huwezi kuuona kwa taa, na mtu akianza kukwamwa na chakula kwa kawaida mambo yamekwisha kuharibika. Hapa ndipo niliporuka kwa furaha, kwa kuwa nilikutana na kitu tunachokijua sisi sote. Mnakumbuka kupima wanga katika maabara? Unadondosha iodini kwenye kipande cha kiazi, kinakuwa bluu-nyeusi. Kuna maji ya iodini yanayoitwa ya Lugol, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeyatengeneza mwaka 1829. Seli nzima za umio huweka akiba ya glaikojeni, ambayo ni kama binamu ya wanga. Daktari akishusha kamera hadi kwenye umio na kunyunyiza maji hayo, utando mzima hugeuka rangi ya kahawia. Seli zilizopotoka hazina akiba hiyo, zimeitumia. Basi hubaki manjano, zinajitokeza kama viraka kwenye shati. Hapo hukatwa kinyama kidogo kikapimwe. Jamani, iodini ile ile ya kiazi!

Wala msidhani hayo ni mambo ya ng'ambo. Hapa kwetu Kenya, Bomet ni mojawapo ya sehemu ambazo saratani ya umio imewasumbua watu sana, hata vijana. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek walitumia iodini hiyo kuwapima watu wazima 305 wa jamii ya huko ambao hawakuwa na dalili yoyote. Matokeo yalichapishwa 2016: asilimia 14.4 walikutwa na seli zilizoanza kupotoka. Wale hawakuwa watu waliopona saratani ya mdomo, walikuwa raia wa kawaida tu. Ninawataja ili tujue kwamba ujuzi huo uko hapa nchini, kwa mikono ya watu wetu. Japani nako wamefika mbali: wakiliona baka likiwa changa hulichuna kwa kutumia kamera iyo hiyo, bila kupasua kifua cha mtu.

Je, kila aliyepona saratani ya mdomo ashushwe kamera kila mwaka? Hapo madaktari hawajakubaliana, na miongozo hutofautiana. Kamera si mchezo na haipatikani kila mahali. Wengi hutazama ni nani aliye hatarini zaidi, kwa mfano aliyekuwa mlevi sana, au ambaye umio wake ulikwisha kuonyesha mabaka mengi yasiyoshika rangi.

Mapafu ndiyo yaliyozua mjadala mkubwa. Kwa miaka mingi mtu aliyepona alipigwa picha ya eksirei ya kifua kila mwaka, na kila mtu akaridhika. Kumbe eksirei huona uvimbe ukiwa umekwisha kukua. Marekani wakafanya utafiti mkubwa wa watu 53,454 waliokuwa wavutaji wa sigara, nusu wakapigwa eksirei na nusu skani ya CT yenye mionzi kidogo. Matokeo yalitolewa 2011: waliopigwa skani walikufa kwa saratani ya mapafu kwa asilimia 20 chini ya wenzao. Tangu 2021 wataalamu wa huko wanashauri skani ya kila mwaka kwa mtu wa miaka 50 hadi 80 ambaye amevuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka ishirini, na bado anavuta au hajafikisha miaka kumi na mitano tangu aache. Wanaotunga miongozo ya waliopona saratani ya kichwa na shingo nao wamekikubali kipimo hicho kwa wale walio na historia hiyo ya uvutaji.

Pakiti moja ina sigara 20. Mara siku 365, mara miaka 20, ni sigara 146,000. Nilipomfanyia mjomba hesabu hiyo alicheka, akasema yeye hakuwahi kununua pakiti, alikuwa akinunua moja moja kioskini. Tukakaa chini tukahesabu moja moja hizo. Alipoona jumla, kicheko kikaisha.

Lakini skani ina ubaya wake, na ni haki niuseme. Katika utafiti ule ule, kila majibu 100 ya skani yaliyosema "kuna kitu", karibu 96 hayakuwa saratani. Kilikuwa ni kovu, au tezi, au kitu kisicho na jina. Hebu fikiria nchi kama yetu ambapo wengi wameugua kifua kikuu wakabaki na makovu mapafuni. Mtu aliyepona saratani akiambiwa "tumeona kidoa", hatalala. Atarudishwa kupigwa picha tena, pengine achomwe sindano ya kifua, na yote ni gharama. Kwa hivyo si kweli kwamba kupima zaidi ni bora zaidi. Kilicho bora ni kumpima mtu anayefaa, mahali panapofaa. Na eksirei ya kila mwaka kwa mtu asiyekohoa, kwa maoni yangu, ni kujifariji tu.

Labda mtajiuliza mbona hawatengenezi kidonge. Walijaribu! Tena kidonge chenyewe ni jamaa yetu sisi vijana: isotretinoini, dawa ya chunusi sugu. Mwaka 1990 Daktari Waun Ki Hong na wenzake wa Houston, Texas, walitoa habari zilizoshangaza dunia. Waliwapa dawa hiyo kwa kipimo kikubwa baadhi ya wagonjwa 103 waliokuwa wamekwisha kutibiwa, wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Katika muda wa kama miaka miwili na nusu hivi, waliopata saratani mpya upande wa dawa walikuwa asilimia 4, upande wa pili asilimia 24. Shangwe ilioje! Lakini dawa iliwakausha ngozi na midomo hata baadhi wakashindwa kuendelea. Ikajaribiwa tena kwa kipimo kidogo, kwa watu 1,190, miaka mitatu kila mmoja. Majibu yalipotoka 2006, hakukuwa na tofauti yoyote ya maana. Mimi nawaheshimu waliochapisha hayo ya pili kama ninavyowaheshimu waliochapisha ya kwanza, maanake si rahisi kuitangazia dunia kwamba kidonge kimeshindwa.

Kwa hiyo kinachobaki ni kuacha sigara na pombe, na kuangaliwa. Kuacha husaidia hata kama mtu amekwisha kuugua, ingawa hatari haishuki siku moja. Shamba huchukua muda.

Nisisahau kundi moja. Kuna saratani za koo, hasa za nyuma ya ulimi na kwenye tezi za koo, ambazo hazikuletwa na moshi bali na virusi vya HPV, vile vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Watu hawa, kama hawakuwa wavutaji, hupata saratani mpya mara chache zaidi kuliko wenzao, kwa sababu utando wao mwingine haukukaangwa kwa moshi. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka kumi nchini Kenya mwaka 2019. Dada zetu wadogo wamo katika hesabu hiyo, kwa hivyo mkiulizwa nyumbani mjue la kusema.

Sasa sisi wa nyumbani tufanye nini, sisi tusio na kamera wala iodini? Kliniki huonekana mara chache kwa mwaka, lakini mdomo uko nyumbani kila siku. Muuguzi alinifundisha na mimi nikamfundisha binamu yangu. Mara moja kwa mwezi mjomba hukaa mlangoni penye mwanga, au hutumia tochi ya simu. Tunaangalia midomo kwa ndani, mashavu pande zote mbili, ufizi, kaakaa, juu ya ulimi, kandokando, chini. Tunatafuta kidonda, baka jeupe lisilofutika, baka jekundu, au mahali palipokuwa laini pakawa pagumu. Yeye mwenyewe hujipapasa shingo akioga. Sauti ikikwaruza bila mafua, chakula kikianza kukwama, sikio likimuuma na daktari wa masikio haoni kitu, akitema damu, akikonda bila sababu, yote hayo huandikwa. Tunaandika kwenye kijitabu cha mraba cha hesabu, na tarehe, kwa sababu kliniki akiulizwa "kimeanza lini?" yeye hujibu "juzi" hata kama ni miezi miwili.

Kidonda cha kawaida cha mdomoni, cha kujiuma au cha mfupa wa samaki, hupona katika wiki moja au mbili. Kisichopona katika wiki mbili, na sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, haingojewi tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mtu huenda kesho yake asubuhi na kadi yake mkononi, akamwambia muuguzi wa mlangoni kwamba aliwahi kutibiwa saratani ya mdomo na ameona kitu kipya.